MWANGWI WAONYESHA WAYA ULIPOKATIKA



Leo tuzungumze juu ya waya uliofukiwa ardhini. Ukikatika, fundi anajuaje pa kuchimba? Je, achimbe njia nzima? La! Anatumia mwangwi.

Mwangwi mnaujua. Piga kelele ukiutazama mlima, kama vile Matogoro. Sauti inakwenda, inagonga mlima, inarudi. Ikirudi upesi, mlima uko karibu. Ikikawia, uko mbali.

Fundi naye hufanya vivyo hivyo. Kwanza umeme unazimwa. Kisha chombo chake kinatuma mshtuko mdogo wa umeme ndani ya waya. Waya mzima una ukinzani ule ule njia nzima, basi mshtuko unapita tu. Penye hitilafu ukinzani unabadilika ghafula. Hapo mshtuko, au sehemu yake, unarudi nyuma. Kwenye kioo cha chombo unaonekana mstari. Waya ukiwa umekatika, mstari unainuka. Nyaya zikiwa zimegusana, unainama.

Sasa tupige hesabu. Kila aina ya waya ina mwendo wake. Tuseme katika waya wetu mshtuko unakwenda mita 200 kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde. Mwangwi umerudi baada ya sehemu 6 kama hizo. Zidisha 200 kwa 6, unapata mita 1,200. Lakini hiyo ni safari ya kwenda na kurudi. Gawanya kwa 2. Hitilafu iko mita 600. Mnaona? Ni hesabu zile zile za kisomo!

Jambo hili linatuhusu. Mwaka 2018 Songea iliunganishwa na gridi ya taifa kwa njia ya umeme kutoka Makambako. Kabla ya hapo tulitegemea sana mitambo ya dizeli. Ziko pia nyaya za simu za kioo, zinazofukiwa kando ya barabara. Humo hutumwa mwanga, lakini hesabu ni ile ile.

Basi ndugu, jembe lako likigonga waya, usiuguse, wala usiufukie kwa kuogopa. Waya wa umeme unaua. Zuia watu wasikaribie, mwarifu Mwenyekiti wa Kijiji upesi, awaite mafundi. Ukificha, huenda mama akajifungua gizani zahanati. Na kuficha hakufai kitu: mwangwi utapataja mahali penyewe.