Waliimba Kabla ya Kuandikwa



Tumepewa dakika chache katika jubilei hii tuzungumzie swali ambalo wanakwaya huulizwa sana, kwenye matatu, sokoni, hata mezani nyumbani: "Hizo nyimbo zenu za Agosti, kwamba Maria alipalizwa mbinguni mwili na roho, zimeandikwa wapi katika Biblia?" Wapo vijana walioshindwa kujibu wakaacha kwaya, na wengine wakaliacha Kanisa. Ndiyo maana hatutaki kulipita.

Tuanze na Biblia yenyewe. Yesu hakuwaachia Mitume kitabu, aliwatuma kuhubiri. Barua za kwanza za Mtakatifu Paulo ziliandikwa karibu mwaka 50, yaani miaka 20 hivi baada ya Ufufuko. Miaka hiyo yote Wakristo walibatiza, walimega mkate, na waliimba. Wataalamu wengi wa Maandiko wanaona kwamba maneno ya Wafilipi 2:6-11, juu ya Kristo aliyejinyenyekeza hadi msalabani, yalikuwa wimbo wa waamini kabla Paulo hajauweka katika barua yake. Hebu fikirini, wanakwaya: wimbo ulioingia katika Maandiko Matakatifu! Hayo ndiyo Mapokeo, imani inayosaliwa na kuimbwa, ambayo Agano Jipya lilizaliwa ndani yake. Na vitabu vyote 73, nani alisema ni hivi wala si vingine? Orodha hiyo haimo katika kitabu chochote cha Biblia (ile ya kurasa za mbele ni ya wachapaji). Maaskofu wa Afrika Kaskazini waliitaja katika sinodi za Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, na Mtaguso wa Trento ukaithibitisha mwaka 1546.

Sasa turudi kwa Mama Maria. Papa Pius XII alitangaza fundisho la Kupalizwa tarehe 1 Novemba 1950, lakini hakulibuni. Mwaka 1946 aliwaandikia maaskofu wa dunia nzima kuwauliza wao na waamini wao wanasadiki nini. Sikukuu yenyewe ilikuwa imeadhimishwa kwa zaidi ya miaka 1,000. Papa alithibitisha kilichokuwa kikiimbwa. Kwa hiyo anayeuliza tumjibu bila ugomvi: mstari unaosimulia tukio hilo hatuna, tunayo imani ya Kanisa lilelile lililotukabidhi Biblia anayoishika mkononi.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Dei Verbum ya 1965, unasema Mamlaka Fundishi ya Kanisa haiko juu ya Neno la Mungu bali inalitumikia. Mwanakwaya anaelewa hilo upesi. Mwalimu wa kwaya huongoza wimbo, lakini wimbo si mali yake.

Hapo ndipo penye manung'uniko yetu. Mtunzi anapeleka wimbo jimboni, unarudishwa, ananuna. Konstitusio ya Liturujia ya 1963, namba 121, inataka maneno ya nyimbo yapatane na mafundisho Katoliki na yachotwe hasa katika Maandiko na liturujia. Ni haki. Mahubiri husahaulika kufikia Jumatatu, lakini mama akifua nguo bado anaimba kiitikio, na kosa likiwemo, analiimba nalo. Ila hati hiyohiyo, namba 119, inataka muziki wa jadi wa watu upewe heshima yake. Anayekataza kayamba kwa kuwa tu hapendi mlio wake, hiyo ni ladha yake, si Mamlaka Fundishi. Mtunzi aliyerudishiwa karatasi ana haki ya kuuliza kwa heshima: ni neno gani, na linapingana na fundisho lipi?

Kuanzia mwezi ujao, kila Jumamosi kabla ya mazoezi, tutasoma pamoja masomo ya Jumapili na maneno ya kila wimbo mpya. Katekista amekubali kuwa nasi. Wazazi, waleteni vijana, hasa wale wenye maswali magumu.