Kuunganisha pande mbili: mfano wa mtengenezaji wa programu



Mnatujua kwa kazi ya kupatanisha watu juu ya mashamba na maji. Leo tunaleta mfano kutoka Marekani, kwa sababu ulitufundisha kosa letu wenyewe.

Travis Oliphant alisomea hesabu na umeme, kisha uhandisi wa tiba katika Mayo Clinic. Mwaka 2001, yeye na wenzake Eric Jones na Pearu Peterson walitoa SciPy, mkusanyo wa programu za hesabu za kisayansi katika lugha ya kompyuta iitwayo Python. Waliitoa bure na maandishi yake yakiwa wazi: kila mtu aweza kuyasoma, kuyasahihisha na kuwapa wengine.

Lakini watumiaji waligawanyika. Wengine walishika Numeric, iliyokuwa na mwendo mzuri kwa safu ndogo za namba. Wengine walishika numarray, iliyotengenezwa katika taasisi inayohudumia darubini ya anga ya Hubble, na ambayo ilifaa safu kubwa. Kila upande ulikuwa na sababu yake, lakini kazi moja ikawa inafanywa mara mbili.

Mwaka 2005 Oliphant, wakati huo mwalimu wa chuo kikuu huko Utah, alianza kuziunganisha. Alichukua msingi wa Numeric, akaingiza mazuri ya numarray, tena akaweka njia ya kuhamisha programu za zamani. NumPy 1.0 ilitoka mwaka 2006. Aliandika kitabu cha maelezo na kukiuza ili kutegemeza kazi, lakini programu ilibaki bure. Mwaka 2007 aliacha ualimu, na mwaka 2012 alishiriki kuanzisha NumFOCUS, shirika lisilo la faida linalotegemeza programu za namna hii. Mwaka 2019, wataalamu walipoonyesha picha ya kwanza ya shimo jeusi la anga, NumPy ilikuwa kati ya vyombo vyao.

Sisi je? Tulikuta kamati mbili kwenye chemchemi moja, kila moja na daftari lake la michango. Tuliwaambia waache yote mawili, tukawapa daftari letu. Matokeo yake, chemchemi ikawa na madaftari matatu!

Tulirudi kwa aibu. Safari hii tuliuliza kila upande: ni kitu gani hamwezi kukiacha? Mmoja ulitaka majina ya wajane wasiolipa yabaki. Mwingine ulitaka hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. Yote mawili yakaingia katika daftari moja, pamoja na madeni ya zamani ya kila upande.

Vijana, kesho mtaombwa kuandika orodha za kijiji katika kompyuta. Ziandikeni wazi, kila upande uweze kuzisoma na kuzisahihisha. Na kabla ya kuleta kitu kipya, ulizeni kwanza watu wanashika nini.