CHUO KIMOJA KWA NCHI NYINGI, NA SISI WATU WA RELI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi)



Tumeombwa tuseme habari za vyuo vikuu. Tunaona wengine mnacheka, maana wengi wetu hapa tuliacha shule darasa la nane tukashika spana. Lakini jambo hili linagusa unga wetu, kwa hiyo tusikilizane.

Makerere, ambayo watu huitaja kwa heshima kubwa, ilianza mwaka 1922 ikiwa shule ya ufundi tu. Vijana 14 walifundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Basi mtu asituambie kwamba chuo kikuu na nyundo havijuani.

Mwaka 1963 nchi zetu tatu zilikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika ya Mashariki, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa Mkuu wake. Kazi ziligawanywa. Aliyetaka udaktari alikwenda Makerere, aliyetaka sheria alikwenda Dar es Salaam, aliyetaka uinjinia alikuja hapa Nairobi. Maana yake ni rahisi. Mashine ya kupima nguvu ya chuma ni ghali, na mwalimu anayeijua ni ghali zaidi. Nchi tatu zikinunua tatu, zote zitapata vumbi. Ikinunuliwa moja, itafanya kazi kila siku. Sisi twajua hayo, kwani hakuna stesheni ndogo inayojenga karakana yake ya injini.

Lakini nafasi zilikuwa chache, na kila serikali ilikuwa na haraka ya kupata wataalamu wake nyumbani. Mwaka 1970 chuo kile kikagawanywa kuwa vitatu. Reli yetu ya pamoja nayo ikavunjika mwaka 1977.

Shauri lile limerudi kwa namna nyingine. Kuanzia mwaka 2016, kwa fedha za Benki ya Dunia, vituo 24 viliwekwa katika vyuo vikuu vya nchi 8 za Afrika ya Mashariki na ya Kusini, vikiangaliwa na Baraza la Vyuo Vikuu lililoko Kampala. Kila kituo kilipewa kazi yake, na kupokea wanafunzi wa nchi nyingine pia. Chuo cha Moi kilipewa habari za nguo na nishati, Egerton kilimo. Na reli, ndugu zetu, ilipewa Chuo Kikuu cha Addis Ababa.

Hapo tukae kidogo. Reli ya umeme ya Addis Ababa hadi Djibouti ilizinduliwa mwaka 2016. Yetu ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, kwa injini za dizeli. Tanzania walianza kuchukua abiria kwa treni ya umeme mwaka 2024. Njia zote tatu zina upana mmoja, milimita 1435. Ukingo wa gurudumu hulika kwenye kona kule kama huku. Jambo likichunguzwa vizuri mahali pamoja, fundi wa Voi na fundi wa Morogoro wote wafaidi, wala hatuna haja ya kungoja mgeni aje na kitabu chake kila mara.

Ila mlango ni mwembamba. Vituo hivyo vilikusudiwa hasa watu wa shahada ya pili na ya tatu. Mtu wa gangi anayetembea njia kila asubuhi anajua kona ipi husogea wakati wa mvua, na neno lake haliandikwi popote. Mchunguzi akija, huongea ofisini na kurudi zake. Huo si uchunguzi kamili, hata ukipigwa mhuri.

Twataka ngazi. Chuo cha Reli hapa Nairobi kimekuwako tangu mwaka 1956. Cheti chake kihesabiwe, ili fundi hodari apande mpaka chuo kikuu, au apate walau kozi fupi ya miezi mitatu. Mshahara usikatwe akiwa masomoni, na akirudi akute kazi inayolingana na alichosoma. Pia taarifa za uchunguzi ziandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa karakana.

Halmashauri itawaandikia waajiri. Karatasi ya majina iko mezani kwa Katibu: mwenye cheti na nia ya kusoma aandike jina, kituo chake na miaka ya utumishi, kabla ya mwisho wa mwezi.