Mafuta Yasiingie katika Moteri ya Umeme

Maneno ya monita wa kilimo kwa watu wa Tunda

Siku nyingine huja kwenu kusema juu ya kupanda mpunga, kupalilia na kufukuza ndege. Leo nitasema juu ya mashine ya kukoboa mpunga, na hasa juu ya moteri ya umeme inayoizungusha. Mtu ataniuliza: Monita wa shamba ana neno gani na moteri? Neno langu ni hili. Moteri ikiungua wakati wa mavuno, mpunga hukaa ghalani, mnunuzi hupita akaenda zake, na jasho la miezi mingi halina bei. Tena mama zetu wanarudi kwenye kinu na mchi.

Mpunga si mgeni kwetu. Watu wa pwani waliuleta Nyangwe na Kasongo katika karne ya 19, na babu zetu wakaushika sana. Umeme nao wengi mmeuona. Kampani ya bati ya Symétain ilianzishwa mwaka 1932, na mwaka 1976 ikaunganishwa na nyingine kuwa Sominki. Huko Kalima maji ya mto Lutshurukuru yalifanywa kutoa umeme kwa kazi ya bati. Watu wa Maniema waliofanya kazi machimboni walirudi vijijini na maarifa mengi mema. Lakini neno moja limefika nusu tu. Wanasema: «Mashine hupenda mafuta.» Kwa chuma neno hili ni kweli. Kwa nyaya za umeme ni mauti.

I. Nyumba mbili katika moteri moja

Ndani ya moteri kuna nyaya za shaba nyekundu, zimezungushwa mara nyingi kama uzi katika kibiringo. Kila waya umepakwa vanishi, nyembamba kama ganda la kitunguu. Vanishi hiyo ndiyo inayozuia umeme usiruke kutoka waya mpaka waya, wala usiingie katika mwili wa chuma. Katikati huzunguka mtaimbo. Ncha zake zimekaa katika beringi, yaani pete za chuma zenye gololi.

Basi moteri ni kama nyumba mbili chini ya paa moja. Nyumba ya beringi inataka grisi. Nyumba ya nyaya inataka ukavu, usafi na upepo. Kazi yote ya mwenye moteri ni kulinda chakula cha nyumba ya kwanza kisiingie katika nyumba ya pili.

II. Ubaya wa mafuta

Kwanza, mafuta hushika vumbi. Mashine ya mpunga hutoa vumbi la pumba mchana kutwa. Vumbi kavu hupulizwa likatoka. Vumbi lenye mafuta huwa tope, likaziba njia za upepo. Moteri isiyopata upepo hupata joto. Watu wenye elimu ya umeme wamepima wakaona hivi: joto likizidi kipimo kwa digrii 10, maisha ya vanishi hupungua karibu nusu. Likizidi kwa digrii 20, hubaki robo. Moteri ambayo ingefanya kazi miaka mingi hufa upesi, na watu husema imerogwa.

Pili, yako mafuta yanayolainisha vanishi na mpira. Waya ukigusa waya, unaona moshi, unasikia harufu ya kuungua, na moteri inasimama.

Tatu, ziko moteri zenye vipande vya makaa vinavyopeleka umeme kwenye mtaimbo. Makaa hayo huliwa polepole yakatoa unga mweusi. Unga huo ukichanganyika na mafuta, huwa uji unaopitisha umeme. Cheche huruka, na umeme unaweza kuingia katika mwili wa moteri. Mtoto akiugusa atapigwa, naye anaweza kufa. Hili ni kubwa kuliko hasara ya mpunga.

III. Mafuta yanatoka wapi

Mganga mwema hatibu homa bila kuuliza chanzo chake. Vivyo hivyo, kupangusa mafuta bila kujua yatokako ni kazi bure. Kesho yatarudi. Chunguzeni mahali hapa:

Grisi nyingi kupita kiasi. Hii ndiyo sababu inayoonekana mara nyingi. Mlinzi wa mashine ana bidii, kila asubuhi anasukuma grisi mpaka mkono unachoka. Beringi ikijaa, grisi haina pa kwenda ila ndani kwenye nyaya. Tena beringi iliyojaa kabisa hupata joto, kwa sababu gololi husukuma grisi badala ya kuviringika. Tieni kiasi kile tu kilichoandikwa kwa moteri ile. Kama ina tundu la kutolea grisi ya zamani, lifungueni kwanza.

Kizibo kilichochakaa. Kando ya mtaimbo kuna pete ya mpira au ya ngozi inayozuia mafuta. Ikipasuka, mafuta ya sanduku la meno ya mashine hufuata mtaimbo mpaka ndani ya moteri. Mpira ni wa bei ndogo. Moteri ni ya bei kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mashine ya jirani. Watu huweka kinu cha kukamua ngazi karibu na mashine ya mpunga, chini ya paa moja. Mafuta ya ngazi huruka, mvuke wake hupanda, na upepa wa moteri huvuta vyote ndani. Wekeni ukuta kati, au mtenge mashine hizo.

Mafuta ya ngazi ndani ya beringi. Wengine grisi ikiisha hutia mafuta ya kupikia. Siku za kwanza mashine inazunguka vizuri, nao wanafurahi. Lakini mafuta ya ngazi yakikaa huchacha. Uchachu ule hula shaba, na mafuta yenyewe huganda kama ulimbo. Mafuta ya ngazi ni ya chungu, si ya beringi.

IV. Kazi ya kusafisha

Mkiona mafuta yanatoka katika matundu ya moteri, fanyeni hivi kwa taratibu:

1. Simamisheni mashine. Kateni umeme kwenye swichi kubwa, tena toeni fyuzi. Mwenye kufanya kazi aziweke katika mfuko wake mwenyewe, mtu asije akawasha umeme kwa kutojua.

2. Mwiteni fundi wa umeme. Kuufungua mwili wa moteri si kazi ya kila mtu. Kazi yenu ni kumsaidia na kuona kwamba hakuruka hatua.

3. Tafuteni chanzo cha mafuta, mkitengeneze kwanza.

4. Tope likwanguliwe kwa kijiti cha mti au cha mwanzi, si kwa kisu wala waya wa chuma. Kisu hukwaruza vanishi. Kisha nyaya zipanguswe kwa kitambaa safi kisichotoa nyuzi.

5. Mafuta yaliyobaki yaondolewe kwa dawa iliyofanywa kwa kazi ya moteri, kidogo kidogo kwa kitambaa, nje penye upepo. Msimwagie dawa ndani, maana itasukuma uchafu katikati ya nyaya.

6. Moteri ikaushwe. Joto la polepole lisizidi digrii 90, kwa saa nyingi, mpaka unyevu wote utoke. Msiiweke juu ya moto wa kuni. Moto wa kuni huunguza upande mmoja na kuacha upande wa pili na maji.

7. Fundi apime kwa chombo chake kama umeme unavuja. Kanuni ya zamani kwa moteri ndogo ilitaka isipungue megaomu 1; kanuni za siku hizi hutaka 5. Namba ikiwa chini, moteri ikaushwe tena au nyaya zizungushwe upya. Fundi anayewasha bila kupima, msimlipe kwanza.

8. Vanishi ikiwa imechakaa, ipakwe mpya. Beringi iliyolegea itolewe.

V. Maswali ambayo watu huuliza

«Je, tuioshe kwa petroli? Iko, tena hukata mafuta upesi.» Hapana. Mvuke wa petroli huenea chini kama maji yasiyoonekana, na cheche moja inatosha. Nyumba, mpunga na mtu vitateketea pamoja.

«Je, iko dawa isiyoshika moto?» Zamani katika viwanda vya Ulaya na Marekani mafundi walitumia tetrakloridi ya kaboni, wakaisifu kwa sababu haiwaki. Baadaye ikajulikana kwamba mvuke wake huharibu maini na figo, hata kuua, ikaachwa. Basi mkiletewa mkebe wa zamani ambao haujulikani ndani yake kuna nini, msiufungue. Kutoshika moto si sawa na kutodhuru.

«Moto ukishika moteri, tumwage maji?» Kateni umeme kwanza. Kisha tumieni mchanga mkavu. Maji juu ya waya wenye umeme hurudisha pigo kwa mwenye kumwaga.

VI. Mkitaka kununua moteri kuukuu

Mara nyingi kijiji huchanga fedha kununua moteri iliyokwisha kutumika. Muuzaji huipaka rangi mpya, nayo inang'aa. Msitazame rangi. Ingizeni kitambaa cheupe katika matundu ya upepo; kikitoka na uji mweusi, mafuta yamo. Nuseni: harufu ya kuungua haifichiki kwa rangi. Zungusheni mtaimbo kwa mkono, mkisikiliza kama beringi inanguruma. Mwisho, fundi wenu apime mbele ya wazee kabla ya fedha kutoka. Muuzaji akikataa kupimwa, ameshawajibu.

Basi, wazee wetu, naomba mambo matatu kabla ya mavuno. Chagueni mtu mmoja tu wa kutia grisi, aandike katika daftari siku na kiasi. Jengeni ukuta kati ya kinu cha ngazi na moteri. Tena kila jioni, umeme ukiisha kukatwa, vumbi la pumba lifagiliwe kando ya moteri, maana pasipo vumbi hata tone la mafuta linaonekana mapema. Kazi hizi hazihitaji fedha nyingi. Zinahitaji mtu anayekumbuka.

Mwenye swali na asimame aulize.