MTAFITI AKIBISHA HODI KIJIJINI



Leo tunataka tuzungumze habari ambayo wengi wetu huionea haya. Ni habari ya watu wanaosomea magonjwa ya zinaa. Vijijini watu husema: "Eti binti wa fulani alimaliza chuo kikuu, sasa amerudi tena kusoma. Na anasomea nini? Mambo ya chumbani! Hana haya?"

Ndugu zetu, tulitazame jambo hili polepole.

Mtu akimaliza chuo kikuu hupata shahada ya kwanza. Akiendelea, husomea shahada ya uzamili, kwa kawaida kama miaka 2. Akizidi kuendelea, husomea uzamivu, miaka 3 au zaidi. Huko hakai darasani tu. Lazima atafute swali ambalo halijapata jibu. Kisha huenda kwa watu, huuliza, hupima, huandika. Wataalamu wengine huikagua kazi yake. Huo ndio utafiti.

Je, sisi wakulima tunapata faida gani? Tuchukue mfano wa Mwanza. Mwaka 1991 wataalamu walianza utafiti katika sehemu 12 za vijijini. Waliuliza: tukitibu vizuri kisonono, kaswende na magonjwa mengine ya zinaa, je, UKIMWI utapungua? Katika sehemu 6 waliwafundisha waganga wa zahanati na vituo vya afya. Walihakikisha dawa zipo. Waliwaeleza watu waende kutibiwa mapema. Sehemu 6 nyingine ziliendelea kama kawaida, ili wapate kulinganisha. Watu wazima kama 12,000 walifuatiliwa kwa miaka 2.

Majibu yalitangazwa mwaka 1995. Penye matibabu bora, maambukizo mapya ya virusi vya UKIMWI yalikuwa machache kwa kiasi cha asilimia 40. Maana yake, pale ambapo wangeambukizwa watu 10, waliambukizwa kama 6. Kwa nini? Kidonda cha ugonjwa wa zinaa ni mlango ulio wazi. Virusi hupita kwa urahisi.

Sasa sikilizeni habari ya Rakai, Uganda. Huko walijaribu njia nyingine. Watu wazima waligawiwa dawa kila baada ya miezi 10, mgonjwa na asiye mgonjwa. Majibu ya mwaka 1999 yalionyesha kwamba maambukizo ya UKIMWI hayakupungua. Mnaona, jamani? Jambo linaloonekana jema nalo lazima lipimwe. Ndiyo maana maswali bado yapo, na watu bado wanakwenda kusoma.

Basi, siku mtafiti akibisha hodi kwako, ufanye nini? Mkaribishe, lakini tumia kisomo chako. Kwanza, aende kwa viongozi wa kijiji aonyeshe kibali na barua zake. Pili, atakupa fomu ya ridhaa. Usitie sahihi haraka haraka! Isome mstari kwa mstari. Itazame: utafiti unahusu nini? Watachukua damu? Siri yako italindwaje? Neno usilolielewa, uliza. Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi, ndipo atie dole gumba.

Tena mjue haki zenu. Una haki ya kukataa. Una haki ya kukubali leo na kujitoa kesho. Hakuna mtu wa kukunyima matibabu kwa sababu hiyo. Mume asimlazimishe mkewe, wala kiongozi asimlazimishe mwananchi. Lakini ukikubali, sema kweli. Jibu la uongo huleta dawa isiyofaa, na watakaoumia ni watoto wetu.

Na wewe mzazi, binti yako akisema anataka kusomea mambo haya, usimcheke. Wako akina mama wanaoficha maumivu kwa sababu wanaona haya kumweleza mganga mwanamume. Siku moja watamweleza binti yako, naye atajua la kufanya.

Wazee walisema, mficha uchi hazai. Kisonono na kaswende hutibika. Anayeumwa asingoje mtafiti. Aende zahanati pamoja na mwenzake, watibiwe wote wawili.

Tulijifunza kusoma ili tujilinde. Tusome, tuulize, ndipo tutie sahihi.