Uchaguzi wa Simu Janja kwa Mtu Asiyeona: Mfano wa Buigiri

(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Visiwani, pamoja na Wazanzibari wanaotumikia taasisi za Muungano mkoani Dodoma)



UTANGULIZI

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Katika duka la simu, hata hivyo, mwenye macho hutazama mno na kusikiliza kidogo. Huvutiwa na rangi ya kasha, ukubwa wa kioo na idadi ya kamera, akalipa, na baada ya wiki mbili akagundua kwamba simu hiyo haimfai kwa kazi aliyoinunulia. Mtu asiyeona hawezi kupotezwa na mapambo hayo. Yeye hulazimika kuuliza tangu mwanzo: simu hii itanifanyia nini?

Mazungumzo haya yanalinganisha simu za aina nne zinazoshindaniwa madukani kwa kutumia kipimo cha mnunuzi huyo. Mfano umechukuliwa Buigiri, Bara, kwa sababu mbili. Kwanza, Buigiri ina historia ndefu ya elimu ya wasioona. Pili, posta na simu ni mambo ya Muungano. Kanuni zinazomhusu mnunuzi wa Buigiri zinamhusu vile vile mnunuzi wa Mkunazini, Makunduchi au Wete.

BUIGIRI NA ELIMU YA WASIOONA

Buigiri iko Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma, kandokando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Ni nchi ya Wagogo, yenye mvua chache, uwele, mtama, zabibu na mifugo. Mwaka 1950 Kanisa Anglikana lilianzisha hapo skuli ya wasioona, ambayo huhesabiwa kuwa ya mwanzo ya aina yake nchini. Skuli hiyo imekuwa ikipokea pia watoto wenye uoni hafifu, wakiwemo wenye ualbino.

Kwa miaka mingi chombo kikuu cha kuandikia cha mwanafunzi asiyeona kilikuwa kibao na msumari wa nukta nundu, na baadaye mashine ya Perkins, yenye vitufe sita vya nukta na uzito unaokaribia kilo tano. Mhitimu alipoondoka skuli aghalabu aliiacha mashine nyuma, kwa kuwa ilikuwa mali ya skuli na bei yake haikumudika. Barua alizoandikiwa nyumbani zilisomwa na watu wengine, na siri zake zilikuwa siri za msomaji.

Simu janja imebadili hali hiyo. Mwaka 2009 kampuni ya Apple ilitia katika iPhone 3GS programu ya VoiceOver, inayosoma kwa sauti kila kilichopo katika skrini. Mwaka huo huo Google ilitia TalkBack katika simu za Android. Tangu hapo kioo kisicho na vitufe, ambacho mwanzoni kilionekana kuwa ukuta kwa wasioona, kimekuwa mlango.

KIPIMO CHA KULINGANISHIA

Ichukuliwe hali hii. Mhitimu asiyeona, anayeishi kwao na kufanya biashara ndogo, anatumiwa shilingi 50,000 kwa simu. Ujumbe unaingia. Ikiwa simu yake haisemi, humwita mtoto wa jirani amsomee. Akitaka kutoa pesa hizo, humtajia wakala namba yake ya siri, au humpa mpitanjia simu ambonyezee. Siku fedha zikipungua hana wa kumshitaki, kwa kuwa namba ya siri wanaijua watu watano.

Kwa hiyo kipimo cha mazungumzo haya ni kimoja: je, mwenye simu ataweza kupokea fedha, kuhakiki salio na kutuma malipo peke yake, bila ya kumtajia mtu yeyote namba yake ya siri? Simu inayoshinda mtihani huo ni nzuri. Isiyoshinda si nzuri, hata ikiwa na kamera nne.

SIMU ZILIZOLINGANISHWA

(a) Simu ya vitufe, yaani kitochi. Fadhila zake zinajulikana. Bei ni ndogo, chaji hukaa siku kadhaa, na kinundu kidogo kilicho juu ya namba 5 humwongoza mtumiaji kwenye vitufe vyote. Wasioona wengi hukariri mfuatano wa menyu: moja, kisha namba ya mpokeaji, kisha kiasi, kisha namba ya siri. Kasoro yake ni kwamba vitochi vingi havisomi maandishi. Kampuni ikibadili mpangilio wa menyu, yale yaliyokaririwa hugeuka mtego. Na ujumbe wa kuthibitisha muamala hubaki kimya. Kwa kupiga na kupokea, kitochi kinatosha. Kwa kipimo kilichowekwa, kinashindwa.

(b) Simu janja ya bei ya chini yenye Android Toleo la Go. Hapa zimo simu kadhaa za itel na Tecno, mfano Tecno Spark Go 2024. Bidhaa hizi mbili, pamoja na Infinix, ni za kampuni moja ya Transsion ya China, na hutengenezwa katika vituo vya Carlcare. Kwa hiyo anayelinganisha itel na Tecno analinganisha ndugu wa nyumba moja. Betri ya mAh 5,000 imekuwa ya kawaida katika daraja hili, na tundu la hedifoni aghalabu lipo. Tatizo ni kumbukumbu ya kufanyia kazi. Toleo la Go lilibuniwa kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ndogo, na TalkBack ni mzigo wa kudumu unaofanya kazi kila dakika. Kwenye simu ya gigabaiti 2 sauti huchelewa nyuma ya kidole. Mtumiaji hugusa, husubiri, kisha hugusa tena kwa kudhani hakugusa.

Ucheleweshaji huo una gharama. Menyu ya fedha inayofunguliwa kwa namba fupi, kama *150*00# ya M-Pesa, haimsubiri mtumiaji. Muda ukipita, hukatika. Asiyeona husikiliza menyu yote mstari kwa mstari ndipo ajibu, na sauti ikichelewa, menyu hufungwa kabla hajafika kwenye namba ya siri.

(c) Simu ya Android ya daraja la kati chini. Mfano wake ni Samsung Galaxy A05s ya mwaka 2023. Ina Android kamili, kumbukumbu ya kuanzia gigabaiti 4, betri ya mAh 5,000, tundu la hedifoni na kisomaji cha alama ya kidole ubavuni, mahali ambapo kidole hukifikia bila kutafuta. Mnunuzi aangalie herufi ya mwisho: Galaxy A05 isiyo na "s", iliyotoka mwaka huo huo, haina kisomaji cha kidole. Herufi moja katika kasha ni tofauti ya kila siku kwa mtumiaji. Tecno na Infinix nazo zina simu za daraja hili, na zipimwe kwa mambo hayo hayo.

Faida nyengine ya Android ni sauti ya Kiswahili iliyomo katika programu ya matamshi ya Google. Tangu mwaka 2020, TalkBack ina pia kibodi ya nukta nundu: mtumiaji huweka vidole sita juu ya kioo na kuandika kama alivyofundishwa kwenye Perkins. Kwa kuwa Kiswahili huandikwa kwa herufi za Kilatini, nukta alizojifunza mtoto Buigiri ndizo hizo hizo.

(d) iPhone iliyotumika. Mojawapo ni ile yenye kitufe cha chini kinachopapaswa, mfano iPhone SE ya mwaka 2020. VoiceOver ni tulivu, haichelewi, na simu hiyo ilifikiwa hata na toleo la iOS 26 la mwaka 2025. Hata hivyo mizani ina pande mbili. Betri yake ni mAh 1,821, chini ya nusu ya wapinzani wake, na ikiwa imeshatumika miaka kadhaa huwa imechoka zaidi. Haina tundu la hedifoni, kwa kuwa Apple iliacha kulitia kuanzia iPhone 7 ya mwaka 2016. Tena, pale sauti ya Kiswahili isipokuwepo, maneno "ingiza namba ya siri" husomwa kwa matamshi ya Kiingereza, na mtumiaji hulazimika kubashiri.

KWA NINI TUNDU LA HEDIFONI NI JAMBO KUBWA

Mwenye macho huliona tundu hilo kuwa la muziki. Kwa asiyeona ni kufuli. Katika menyu ya namba fupi, namba ya siri aghalabu huonekana wazi katika kioo, na kisomaji kinaweza kuitamka kwa sauti. Aliye kwa wakala, katikati ya foleni, bila ya hedifoni, huitangaza siri yake mwenyewe. Kadhalika, TalkBack na VoiceOver zote zina njia ya kuifunika skrini ikawa nyeusi huku simu ikiendelea kufanya kazi. Hedifoni masikioni na skrini iliyofunikwa: hapo siri hubaki kwa mwenyewe.

JARIBIO DUKANI

Mnunuzi, au ndugu anayemnunulia, anashauriwa kufanya yafuatayo kabla ya kulipa:

1. Awashe kisomaji cha skrini. Katika simu nyingi za Android hubonyezwa vitufe viwili vya sauti kwa pamoja kwa sekunde chache, au huwashwa katika mipangilio ya ufikivu. Muuzaji akisema simu haina, asiamini wala asibishane, aombe nyengine.

2. Mtumiaji mwenyewe aishike simu, si mwakilishi wake. Apitishe kidole katika skrini na asikilize kama sauti huenda pamoja na kidole.

3. Atie laini yake na aangalie salio la fedha kwa menyu ya namba fupi hadi mwisho. Ikikatika mara mbili, simu hiyo haifai.

4. Afungue programu ya kampuni ya fedha anayoitumia. Kisomaji kikitamka "kitufe" bila ya kusema kitufe cha nini, programu hiyo haikuandaliwa kwa ajili yake.

5. Apige *#06# kupata namba ya utambulisho ya simu, na aitume kwenda 15090 kuhakiki uhalali wake. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia mwezi Juni 2016, na simu ya rahisi isiyo halali ni hasara iliyoahirishwa.

UAMUZI

Kwa mtu asiyeona kabisa, wa kipato cha kawaida, anayeishi Buigiri au shamba la Unguja na Pemba ambako umeme huweza kukatika, simu ya kundi (c) ndiyo inayopaswa kutangulizwa. Kundi (d) linamfaa anayekijua Kiingereza vyema, aliye karibu na umeme na fundi. Kundi (b) linunuliwe tu baada ya kushinda jaribio la tatu. Anayemudu kundi (b) pekee, na simu ikashindwa, ni afadhali asubiri na kudunduliza kuliko kununua chombo kitakachomrudisha kwa mtoto wa jirani.

Kwa mwenye uoni hafifu hukumu hubadilika. Ukubwa wa kioo, ambao kwa asiyeona hauna maana, kwake ni jambo la kwanza. Aangalie pia herufi zinazokuzwa, rangi zinazopambanuka na mwanga usiomuumiza. Kioo cha inchi 6.7 cha Galaxy A05s kitamfaa kuliko cha inchi 4.7 cha iPhone SE.

WAJIBU WA WATUMISHI WA SERIKALI

Simu nzuri haitoshi ikiwa ofisi inaizuia isisome. Tangazo lililopigwa picha na kusambazwa kwa simu halisomeki kwa kisomaji. Husikika neno "picha" na basi. Matangazo ya mikutano, namba za malipo na majibu ya maombi yapelekwe kwa maandishi halisi. Afisa anayenunua vifaa kwa ajili ya watu wenye ulemavu asinunue simu za aina moja kwa wote, kwa kuwa asiyeona na mwenye uoni hafifu hawana haja moja. Na mtumishi anayemhudumia asiyeona asimwombe simu ili "amsaidie kubonyeza". Ampe nafasi, ampe muda, amsomee kiasi kinachotakiwa, na aelekeze macho yake pengine wakati namba ya siri inapoingizwa.

HITIMISHO

Ndugu Watumishi, Ndugu Wakaazi, aliyejifunza kusoma kwa ncha za vidole Buigiri hahitaji simu ya fahari. Anahitaji simu inayomsomea fedha zake, ikanyamaza mbele ya wengine. Mwenye macho naye akiingia dukani na swali hilo hilo, yaani simu hii itafanya kazi gani na nani atakuwa na siri zake, atatoka na chombo bora kuliko alichokusudia, na pengine kwa bei ndogo zaidi.