Samaki Mkunje, Usimvunje

Msikilizaji, wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Hapa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu, wengi tumeitafsiri methali hiyo kwa fimbo. Lakini wahenga walisema tumkunje samaki, hawakusema tumvunje.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 hadi 2016 uliwauliza vijana wa Rwanda wenye miaka 18 hadi 24 kuhusu utoto wao. Takriban wavulana 6 kati ya 10, na wasichana karibu 4 kati ya 10, walisema walifanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wazazi walikuwa miongoni mwa waliotajwa kufanya ukatili huo.

Aliyelelewa kwa kipigo mara nyingi hujifunza kuficha kosa, si kuliacha. Akiwa mtu mzima, kazini huogopa kuuliza. Nyumbani hufoka au hununa. Huzuni huimeza peke yake. Tafiti za nchi nyingi zinahusisha adhabu kali za utotoni na sonona na wasiwasi ukubwani.

Sheria ya Rwanda ya mwaka 2018 inakataza kumpa mtoto adhabu za kikatili au za kumdhalilisha. Hata hivyo, sheria haiingii jikoni wala sebuleni. Mzazi ndiye aliyeko huko.

Kuacha fimbo si kudekeza. Mtoto awekewe mipaka, aelezwe kosa lake, alirekebishe. Wazazi wa wilaya yetu ya Rubavu, tuyazungumze haya kwenye mkutano ujao wa jioni wa familia, Umugoroba w'Imiryango. Na vijana wetu tuwape nafasi ya kusema yaliyowaumiza.